MWENYEKITI, RUDISHA DAFTARI!

Ndugu msomaji, nianze kwa kukuuliza swali dogo tu. Katika ile klabu yenu ya shuleni au chuoni, iwe ya midahalo, ya mazingira, ya uandishi, au ile ya vipanga watupu ambao walimu huwatolea mfano kila asubuhi paredi, mwenyekiti wa miaka mitatu iliyopita aliitwa nani? Na aliyemtangulia? Siku alipoondoka, hazina ilikuwa na shilingi ngapi? Usikimbilie kujibu. Nenda kamuulize katibu wenu. Akifungua kabati akakuonyesha jibu kwa maandishi, basi makala haya hayakuhusu, ruka mpaka kurasa za mashairi upumzishe roho. Lakini akikuna kichwa, akacheka, akasema "enzi hizo mshikaji mimi nilikuwa sijaja", basi kaa hapa tuambiane ukweli.

Nasema hivi: vijana wa nchi hii tunajua sana kuchaguana ila hatujui kukabidhiana. Kwenye kampeni utatukuta tuna mabango, tuna nyimbo, tuna hata mapambio ya kumkejeli mpinzani. Ikifika siku ya kukabidhi tunanunua soda na biskuti, tunamwita mgeni rasmi, tunasoma risala yenye "mafanikio" kumi na mbili na "changamoto" moja, yule anayeondoka anampa mkono yule anayeingia, wanatazama kamera, basi. Jumatatu yake mwenyekiti mpya anaanza kuuliza watu ufunguo wa stoo uko wapi. Huo mimi nauita usanii. Ukimwachia mtu cheo bila daftari umemwachia jina tupu, na jina tupu halinunui hata chaki.

Naandika kutoka Suji, wilaya ya Same, juu ya milima ya Upare. Kwa wenzangu wa Dar ambao wakisikia Same wanakumbuka upepo na jua kali tu, niwaelekeze: shuka Makanya, kwenye barabara kuu inayokwenda Moshi na Arusha, pale penye joto na vumbi la jasi, kisha tafuta gari la kupanda mlima. Huku juu kuna migomba, kuna baridi ya kuvalia sweta, na kuna watu ambao wako tayari kula makande mwezi mzima ilimradi ada ya mtoto ilipwe. Shule kwetu ni jambo zito. Ndiyo sababu klabu ya vipanga katika shule ya milimani haichukuliwi kama mchezo wa Ijumaa mchana. Mzazi akisikia mwanawe ameingia humo anakwenda kuwatangazia majirani.

Sasa nitoe mfano. Shule siitaji na watu siwataji, maana nia yangu si kumwaibisha mtu, tena wengine tunakutana sokoni. Palikuwa na klabu ya namna hiyo, mimi nikiwa mwanachama wa kawaida, kidato cha pili mpaka cha nne. Sharti la kuingia lilikuwa wastani wa alama, na sharti la kubaki lilikuwa kuwafundisha wengine: kila kipanga apewe vilaza wawili (neno baya, lakini ndilo tulilotumia) awasaidie hesabu au Kiingereza jioni. Tulichanga shilingi mia tano mia tano. Kwa michango ile tulinunua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, riwaya tano sita zilizochakaa, na daftari moja kubwa lenye jalada gumu, la kurasa mia mbili na zaidi. Daftari hilo ndilo lililoniweka mezani kuandika leo, na nitalirudia.

Mwenyekiti wa kwanza niliyemkuta alikuwa hodari. Sitaki kumpunja. Alikuwa na sauti, alikuwa na mipango, walimu walimsikiliza. Alipomaliza kidato cha nne akaondoka na kamusi, akaondoka na ufunguo, akaondoka na daftari la hazina, akaondoka na lile daftari kubwa. Hakuiba, jamani. Vilikuwa kwenye sanduku lake la bati, na sanduku la bati linakwenda na mwenyewe. Aliyemfuata akaanza na mikono mitupu. Alifanya nini? Aliandika kwenye ubao wa matangazo: KLABU IMEANZISHWA. Si "inaendelea". Imeanzishwa! Tukachanga upya. Mwaka uliofuata akaja mwingine, naye akaianzisha. Katika miaka mitatu niliyokuwepo klabu moja ilizaliwa mara tatu, na kila aliyeizaa alipewa cheti chenye neno "mwasisi".

Hapo ndipo ugonjwa ulipojificha, msomaji. Kila mtu anataka kuwa mwasisi, hakuna anayetaka kuwa mrithi. Mwasisi anasifiwa kwenye risala, mrithi anaulizwa kwa nini mambo si kama zamani. Mwasisi anaanza na ukurasa mweupe, mrithi anaanza na madeni na ugomvi wa watu wengine. Kwa hiyo mwenye akili, na hawa ni vipanga, akili wanazo, anaona ni afadhali kitu cha jana kife ili yeye aandikwe wa kwanza. Na yule anayeondoka naye moyoni hachukii kusikia kwamba "tangu uondoke klabu imekufa". Mwangalie uso ukimwambia hivyo. Atasema "masikini, inasikitisha", lakini mdomo unakataa kufunga, anatabasamu. Amechukua kufa kwa klabu kuwa ushahidi kwamba yeye alikuwa kitu!

Mimi nasema klabu iliyokufa baada yako ni ushahidi dhidi yako.

Wapo watakaosema nalinganisha mambo madogo na makubwa, eti klabu ya watoto wa sekondari ina uzito gani. Sawa, twende kwa wakubwa. Huko Marekani vyama vya wanafunzi wenye alama za juu ni vya siku nyingi, na baba yao wote ni Phi Beta Kappa. Kilianzishwa Desemba 1776 na vijana watano wa chuo cha William and Mary, Virginia, katikati ya vita vya kudai uhuru. Hawa walikuwa wanafunzi kama sisi, wanakutana, wanajadiliana, wanakula na kunywa. Lakini walifanya mambo mawili ambayo mwenyekiti wangu hakuyafanya. La kwanza, mwishoni mwa 1779 walitoa hati za kuruhusu matawi mengine yafunguliwe katika vyuo vya Harvard na Yale, mbali kabisa na kwao. La pili, mwanzoni mwa 1781, majeshi ya Uingereza yalipokaribia na chuo kikawa kinafungwa, walifunga karatasi zao kwa lakiri wakazikabidhi kwa msimamizi wa chuo azitunze. Tawi lao likalala miaka mingi mno, likaja kufufuliwa karne iliyofuata. Wenyewe walikwisha kutawanyika. Lakini chama hakikufa, kwa kuwa Yale na Harvard walikuwa nacho, na mihtasari ya mikutano ya vijana wale ya 1776 hadi 1781 ipo mpaka leo, inasomwa. Risasi zinakaribia, mtu anafikiria mihtasari! Kwetu hakuna risasi, kuna likizo ya Desemba tu, na bado karatasi zinapotea.

Wala huna haja ya kuvuka bahari. Njoo Upare uone ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo ambalo maji ya mfereji yanaingia usiku kucha, asubuhi linafunguliwa, na mashamba ya chini yananyweshwa kwa zamu. Nyingi zilianza kama mali ya ukoo, zikapita mikono na mikono, leo zina kamati za wakulima. Kila mara tope linajaa. Likijaa inapigwa mbiu ya msaragambo, watu wanakuja na majembe na makarai kulizoa, na asiyekuja anatozwa. Mbona hakuna kamati inayoliacha bwawa lijae tope, ikachimba lingine pembeni na kulipa jina jipya? Kwa sababu mahindi yatakauka, na mkulima hana muda wa kuchekea upuuzi. Mzee anayeshika zamu ya maji leo anajua nani alifuata nani, mfereji unavuja wapi, nani anapenda kuiba maji usiku. Anayajua kwa kuwa aliyemtangulia alimwambia, tena walisimama pale pale kwenye mfereji, hapakuwa na meza ya mgeni rasmi.

Na kumbukumbu pia tunayo. Miaka ya 1960 mwanahistoria Isaria Kimambo alizunguka milima hii akiwahoji wazee, na kutokana na mahojiano yale akaandika kitabu cha historia ya kisiasa ya Wapare kuanzia karibu mwaka 1500 hadi 1900, kikachapishwa mwaka 1969. Wazee wale waliweza kumtajia watawala na koo kwa vizazi na vizazi, wengi wao bila kuwa na karatasi hata moja. Nyinyi mna kalamu, mna kabati, mna simu ya kupiga picha, na mmeshindwa kutaja wenyeviti watatu. Mnisamehe, lakini hiyo ni aibu.

Tena tunataniwa nchi nzima kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Utani huo huwa unanifurahisha, maana una sifa ndani yake: mtu anayedai kuku anadai haki. Sasa mbona kwenye klabu ukali huo unayeyuka? Kuku akipotea baraza linakaa. Michango ya wanachama arobaini ikipotea tunasema "tuachane nayo, ameshahitimu, tutamharibia". Tutamharibia nini? Yeye ndiye aliyejifunza, akiwa na miaka kumi na minane, kwamba fedha za watu hazina siku ya kuulizwa. Kesho ni mhasibu wa kijiji au katibu wa saccos. Shule nzima tulimfundisha somo hilo bure, na hakuna mtihani wa taifa aliofaulu vizuri kuliko huo.

Nimewasikia wanaojitetea. Wa kwanza anasema kosa ni la mwalimu mlezi, kwa nini hakukaa na nyaraka. Bwana wee, mlezi ni mtumishi, anahamishwa. Leo yuko hapa, muhula ujao yuko Mbinga. Na kama klabu ni ya wanafunzi, kwa nini mkipata sifa iwe yenu, ikipotea risiti iwe ya mlezi?

Wa pili ni wa kisasa zaidi. Anasema siku hizi hakuna haja ya madaftari, kila kitu kiko kwenye grupu la WhatsApp. Huyu ananichekesha. Katika grupu hilo admini ni nani? Ni mwenyekiti wa mwaka juzi, sasa yuko mwaka wa pili chuo kikuu, simu ile ilikwishaibwa Ubungo, namba amebadilisha, na hakuna awezaye kumwingiza mwanachama mpya. Mihtasari iko katikati ya salamu za asubuhi njema, video za vichekesho na matangazo ya mtu anauza viatu. Katibu mpya anatakiwa kupanda juu siku baada ya siku kama anayechimba dhahabu, na akifika anakuta "ujumbe huu umefutwa". Karatasi ina panya, nakubali. Lakini panya anakula ukurasa mmoja mmoja.

Wa tatu ndiye namheshimu kidogo. Anasema: ndugu yangu, mtu huyu alijitolea, hakulipwa, alikosa hata muda wa kubukua, alama zake zikashuka kwa ajili yetu, leo unamdai daftari kama mwizi? Hoja hii ina ukweli na ndiyo maana ni ya hatari. Ndiyo, alijitolea. Lakini aliyejitolea kubeba maji ya wenzake hana ruhusa ya kuondoka na ndoo.

Kuna dhambi ya pili ambayo ni dada yake ile ya kwanza, na hapa nawalenga zaidi wa vyuoni. Hii ni ya wasioondoka. Amekwisha kukabidhi, picha imepigwa, lakini kikao kikiitwa yuko mstari wa mbele. Mwenyekiti mpya akisema jambo, macho ya watu yanamgeukia yeye kuona kama amekunja uso. Anaitwa "mshauri", anaitwa "mzee wa klabu", ana miaka ishirini na mitatu! Saini ya benki bado ni yake. Mhuri bado uko kwenye begi lake "kwa usalama". Mwenyekiti mpya anakuwa kama mwenye nyumba anayeomba ruhusa kwa mpangaji.

Neno kung'atuka tulipewa na Mwalimu Nyerere, alilitoa katika lugha yake ya Kizanaki, na mwaka 1985 alilitenda. Novemba 5 mwaka huo Ali Hassan Mwinyi akaapishwa kuwa Rais. Barani Afrika wakati ule hilo lilikuwa jambo la kusimulia, na bado ni la kusimulia. Lakini watu hulikata nusu. Mwalimu aliendelea kuwa Mwenyekiti wa CCM mpaka mwaka 1990. Kwa hiyo kwa miaka mitano nchi ya chama kimoja ilikuwa na Rais aliyekuwa Makamu kwenye chama chake. Wazee wanabishana mpaka leo kama hilo lilituliza nchi au lilimbana Mwinyi, na mimi sikuwa nimezaliwa, siwezi kuwaamua. Ninachosema ni kwamba Mwalimu alikuwa na nchi nzima ya kuwaza, vita vya Kagera vilikuwa vimepita juzi tu, maduka matupu, uchumi uko hoi. Wewe una klabu ya midahalo. Toka!

Chukua tena jambo la Machi 2021, hili tumeliona kwa macho yetu. Rais Magufuli alifariki tarehe 17, na tarehe 19 Samia Suluhu Hassan akaapishwa. Katikati palikuwa na maneno mengi mitaani, unayakumbuka. Kilichomaliza maneno ni mistari michache ya Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 37, kijifungu cha tano, inayosema Makamu ataapishwa na kumalizia muda uliobaki. Mistari ile iliandikwa na watu ambao hawakujua itamwangukia nani. Sasa fungua katiba ya klabu yenu, kama mnayo. Inasema nini mwenyekiti akihamishwa shule katikati ya muhula? Akifukuzwa kwa ada? Akipata mimba, maana wasichana wetu wametoka madarasani kwa sababu hiyo miaka mingi na sisi tukijifanya hatuoni? Nyingi nilizozisoma zina ukurasa mzima juu ya rangi za bendera ya klabu na hazina neno juu ya hilo.

Nije kwetu sisi wa kalamu, maana hili ni gazeti la waandishi na najua wengine mmeanza kupiga miayo mkisikia habari za hazina. Mwaka 1969, mwezi wa Novemba, wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Mlimani walitoa gazeti lao lililoitwa Cheche. Lilikuwa la Kiingereza licha ya jina, la siasa kali ya kijamaa, likitolewa na umoja wao wa kimapinduzi uliojulikana kwa kifupi kama USARF pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU pale chuoni. Fedha hazikuwepo, walipiga chapa stensili na kuzungusha mashine kwa mkono. Novemba 1970 serikali ikaufunga umoja, na gazeti likapigwa marufuku. Kwa hesabu za kawaida mambo yangeishia hapo, watu waanze kusimuliana "enzi zetu". Lakini tawi la vijana wa TANU lilibaki, kazi ikaendelea ndani yake, na mwaka uliofuata likatoka gazeti jingine, MajiMaji. Jina lilikwenda, kazi ikabaki. Na miaka arobaini baadaye Karim Hirji, mmoja wa wahariri wa Cheche, aliwakusanya wenzake wakaandika kumbukumbu za gazeti lile katika kitabu kilichochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Sisi wa leo tunaweza kusoma nani alifanya nini. Hata mbele ya marufuku ya serikali watu walijua kazi inakwenda kwa nani.

(Kwa pembeni tu: mmoja wa waliokuwa wenyeviti wa USARF alikuwa mwanafunzi kutoka Uganda aliyeitwa Yoweri Museveni. Uenyekiti ule aliuacha, maana chuo kina tarehe ya kumaliza. Ule mwingine alioushika Kampala Januari 1986, mpaka leo ninapoandika, hajaona wa kumkabidhi. Labda nchi nazo zingekuwa na mahafali.)

Ninataka nini basi, isije ikawa nachonga tu? Nataka makabidhiano yachukue wiki mbili, na soda ziwe za mwisho. Wale wawili wakae, wa zamani na mpya, wahesabu vitu kimoja kimoja mbele ya wanachama wawili ambao si marafiki wa yeyote kati yao. Hili la urafiki ni muhimu, usilipite. Fedha zihesabiwe mezani. Madeni yasomwe kwa sauti, nani anatudai na sisi tunamdai nani, hata kama ni ream moja ya karatasi tuliyoazima ofisi ya taaluma. Kisha wa zamani aandike ukurasa mmoja tu juu ya mambo yaliyomshinda. Mafanikio asiandike, hayo tutayaona. Aandike yaliyomshinda: mwalimu gani hupenda kuombwa chumba mapema, safari ipi ilivunjika na kwa nini, mwanachama yupi ana kinyongo. Ukurasa huo una thamani kuliko risala zote nilizowahi kupigia makofi. Na akishauandika, kwa muhula mmoja asikanyage kikaoni mpaka aitwe.

Na vyeti vya uasisi vifutwe. Mwasisi ni mmoja, na pengine alikufa zamani. Anayestahili cheti ni yule ambaye mwaka mmoja baada ya kuondoka kwake klabu bado inakutana. Mpeni wakati huo, si kabla.

Nilisema nitalirudia lile daftari kubwa. Lilikuwa daftari la hadithi. Kila mwanachama aliyeandika hadithi na ikakubaliwa na wenzake aliinakili humo kwa mkono wake, kwa wino. Sheria hiyo tuliitunga wenyewe. Hadithi zangu mbili zimo, na sizililii sana, zilikuwa na maneno makubwa mengi na mapenzi nisiyoyajua. Ninayoililia ni ya msichana mmoja wa kidato cha tatu. Yake ilikuwa kurasa nne tu. Bibi na mjukuu wanashusha ndizi Makanya kwa miguu, alfajiri, na njia nzima bibi anasimulia bei. Bei tu! Ndizi za mwaka ule zilikuwa kiasi gani, za mwaka gani zilioza barabarani, mnunuzi yupi alikuwa mwongo. Wakifika chini mjukuu anagundua kwamba bibi alikuwa akimkabidhi biashara, kwa kuwa njia ya kurudi hataiweza tena. Haisemwi hivyo mahali popote katika hadithi. Bibi anaketi juu ya jiwe na kumkabidhi mtoto kibindo cha fedha, basi, imekwisha.

Nimesoma riwaya nyingi tangu siku ile, na mwenyewe naandika moja ambayo inanitoa jasho, na bado sijaweza kufanya alichofanya yule msichana katika kurasa nne. Hakuwa na nakala. Aliacha shule mwaka uleule, kwao mambo yalikuwa magumu, na hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni mwandishi, kwa sababu kilichokuwa kinaonyesha kwamba yeye ni mwandishi kilikuwa ndani ya sanduku la bati la mwenyekiti.

Mwenyekiti, gazeti hili unalisoma, nimeambiwa. Uko Dar, una kazi, hongera kwa dhati. Kamusi kaa nayo. Fedha nazo tumekwisha kuzisamehe, ingawa wenzangu hawajakubaliana nami kwa hilo. Daftari tafuta, liko kwenye lile sanduku, chini ya madaftari ya fizikia. Mabasi ya Arusha yanapita Makanya kila siku. Lifunge vizuri kwa gazeti, andika juu SUJI kwa herufi kubwa, mpe kondakta, unipigie kunitajia namba ya basi. Nauli ya mzigo nitalipa mimi hapa.